Sarafu ya Nanga Moja

3 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Kuna jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu, si mama, si hata rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja. Nakuambia wewe kwa sababu kwenye karatasi siwezi kuona ukicheka. Naionea wivu meli. Najua ni ujinga, mtu mzima wa kidato cha tatu kukionea wivu chombo cha chuma kilichoacha kupigana kabla babu hajazaliwa. Lakini hebu fikiria mwenyewe. Kila ukituandikia, ukurasa wa kwanza ni manowari, ukurasa wa pili ni manowari, halafu sisi tunapata ule mstari mmoja kabla ya sahihi: "Wasalimie wote."

Barua yako ya kusema utachelewa tena ilifika jana. Hii ni mara ya tatu. Nilimsomea mama akiwa anashona sare za shule za watu, na hakuinua mguu kwenye cherehani mpaka nilipomaliza. Akasema, "Mwambie baba yako aje na hiyo manowari yake. Tutailaza sebuleni, yeye alale nje." Mdogo wangu akauliza kama itapita mlangoni. Mama akamjibu kwamba ngojangoja huumiza matumbo, na la kwake limeshauma vya kutosha, kwa hiyo asimwongezee maswali.

Lakini lazima ujue jambo moja ambalo yeye hatakuambia. Ameshaihamisha cherehani kutoka chumba cha nyuma ili meza yako ya kazi ipate nafasi karibu na dirisha. Sasa anashonea sebuleni na tunakunywa chai yenye vipande vya uzi. Mtu asiyemngoja mwenzake hafanyi hivyo.

Ulisema hii ndiyo sarafu ya mwisho utakayochonga hapo kiwandani. Ulisema manowari ikishapigwa kwenye fedha utachukua kiinua mgongo chako, urudi uchonge mihuri ya maofisi hapa nyumbani, na hutaondoka tena. Mimi nimelishika neno hilo. Ndiyo maana nataka kusaidia. Uliandika kwamba picha mliyopewa na kamati ya sarafu hiyo ni ya manowari ikiwa mpya, na nanga zake mbili, wakati wao wanaitaka jinsi ilivyorudi kutoka vitani na nanga moja, kama inavyojulikana na kila mtu. Kwenye maktaba yetu ya shule kuna kitabu kinene cha manowari ambacho nadhani ni mimi peke yangu ninayekifungua. Ndani yake kuna picha yake ikiingia bandarini asubuhi ile. Nikuchoree?

Binti yako


12 Februari

Profesa wangu,

Marahaba. Sikufichi, nilicheka. Nikaacha kucheka nilipofika kwenye habari za cherehani.

Usidhani nachelewa kwa kupenda. Tatizo ni kamati. Mwenyekiti ni nahodha mstaafu, na yeye anataka moshi utoke kwenye dohani zote. Mama wa makumbusho anataka bendera, tena ipepee kuelekea upande unaokwenda moshi, kwa sababu upepo ni mmoja. Hapo amesema kweli. Bwana wa benki anataka jina la benki lizunguke pembeni, na uzito wa fedha uandikwe chini. Na sarafu yenyewe, mwanangu, haizidi sana kifuniko cha chupa ya soda. Juzi mjumbe mmoja ambaye hata sijui anatoka ofisi gani aliniuliza kama tunaweza kuweka mabaharia wakipunga mikono. Nikamwambia, "Bwana, baharia kwenye sarafu hii atakuwa mwembamba kuliko mguu wa sisimizi." Akafikiri kidogo, akasema, "Kwa hiyo inawezekana."

Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Na hiki si chombo, ni picha ya chombo.

Uliwahi kuniuliza kwa nini kazi hii inakula muda, nikakujibu ovyo kwa sababu tulikuwa kwenye simu, na mimi na wewe kwenye simu ni mabubu wawili. Basi ni hivi. Nachonga kwa mkono ndani ya kipande cha chuma kigumu, na kila kitu nakichonga kinyume, kama uso wako kwenye kioo. Kilicho kulia nakiweka kushoto. Chuma kikishuka kwa nguvu juu ya fedha, kinyume kinageuka na kuwa sawasawa. Nikikosea hata mstari mmoja, haufutiki. Chuma kile kinatupwa na naanza kingine. Nimefanya hivi miaka mingi mpaka mkono unageuza wenyewe bila kuniuliza.

Nichoree hiyo picha. Ubavu mzima, kutoka omo mbele mpaka tezi nyuma. Usiache hata kamba.

Mwambie mama yako shule zikifungwa nitakuwa nyumbani. Mwambie vizuri.

Baba


20 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mchoro ndio huo, umeviringishwa ili usipate mikunjo.

Kitabu ni cha kusomea humohumo ndani, kwa hiyo nimekaa maktaba kila mapumziko, na darasani sasa naitwa Bi Manowari. Nikipita mtu mmoja anapiga honi ya meli kwa pua na wengine wanasogea ukutani kunipisha. Mimi nisiyependa kutazamwa. Siku ya pili mkutubi alikuja akasimama nyuma yangu muda mrefu, nikadhani atanifukuza. Akasema tu, "Umesahau kamba ya pili kwenye mlingoti," akaondoka.

Nilitumia karatasi nyembamba ya mama ya kukatia vipimo vya nguo, ile unayoona kinachopita chini yake. Mama aliuliza karatasi yake imekwenda wapi, nikamwambia imekwenda vitani. Hakucheka, lakini alinipa nyingine.

Nanga iliyobaki utaiona inaning'inia pale omoni, na sahani za chuma zilizopinda juu yake nimezihesabu. Nimefikiria kila hatua utakayopita, na pale nilipoweza nimekutangulia. Wewe weka mchoro mezani tu, ufuate mstari. Ukiokoa muda, uokoe kwa ajili yetu.

Mama nimemwambia kuhusu shule kufungwa. Nilimwambia vizuri. Akasema, "Tutaona."

Binti yako


9 Machi

Profesa wangu,

Marahaba. Mchoro umefika salama. Nilipoufungua, wenzangu kwenye karakana waliacha kazi wakaja kutazama. Mmoja akaniuliza nimemlipa nani. Nikasema nimemlipa ada ya shule miaka yote hii, basi.

Sasa nachonga. Kamati ilijaribu kunisimamisha mara nyingine. Nahodha aliona moshi wangu haujakasirika vya kutosha. Hilo ndilo neno alilotumia. Nikamuuliza moshi uliokasirika unafananaje, akakunja uso wake akanionyesha. Msimamizi wetu wa karakana alilazimika kutoka nje.

Wamekubaliana juu ya bendera. Hawajakubaliana kama neno la pembeni liwe "kumbukumbu" au "ukumbusho", na wamelibishania hilo mpaka chai ikapoa. Mimi nimewaambia nachonga meli kwanza, maneno wataniletea wakipatana. Nafuata mstari wako kama ulivyosema. Macho yanachoka upesi siku hizi, lakini kila ninapokata kipande najiambia, hiki ni kimoja kati ya vya mwisho.

Wasalimie wote. Na safari hii naandika majina: mama yako, mdogo wako, na wewe mwenyewe jisalimie.

Baba


27 Machi

Profesa wangu,

Imekwisha.

Tulipiga sarafu ya kwanza ya majaribio juzi, na kamati nzima ikaipitisha kwa zamu na kioo cha kukuzia. Nahodha alisema moshi umekasirika. Mama wa makumbusho alifuta macho. Bwana wa benki alihesabu herufi za jina la benki, akazihesabu tena, akaridhika. Wote wakatia sahihi. Wale watu hawajawahi kukubaliana hata juu ya dirisha lifunguliwe au lifungwe.

Sarafu yenyewe haitoki getini, lakini niliweka karatasi juu yake nikasugua penseli, na nimekutumia hiyo karatasi. Tazama chini ya mawimbi, pale kulia. Unaona kialama kidogo kama mkia wa samaki? Ni changu. Mchongaji haruhusiwi kuweka alama yake hapa. Sarafu zote nilizochonga zimetoka kama zimejichonga zenyewe. Nilipoomba safari hii, msimamizi alikwenda mwenyewe kwa wakubwa akarudi na ruhusa. Akasema, "Mzee, angalau moja imjue baba yake."

Upigaji wa sarafu za fedha unaanza Jumatatu ya pili kuanzia sasa. Mashine ikishatulia, mimi sina kazi tena hapa. Nimeanza kufunga mizigo, ingawa sina mizigo.

Mwonyeshe mama yako.

Baba


4 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Karatasi imefika. Sarafu ni nzuri sana. Maandishi yanasomeka vizuri na mawimbi yanapendeza. Alama yako nimeiona.

Sisi ni wazima. Wasalimie wote.

Binti yako


5 Aprili

Baba Profesa,

Salamu. Mimi si mtu wa barua, unajua, kwa hiyo nasema moja kwa moja. Umemwandikia nini huyu mtoto? Tangu ile karatasi yako ya penseli ifike, hali chakula. Anaitoa, anaitazama, anairudisha kwenye bahasha. Nikimuuliza, anasema "Si kitu, mama," na mtu akisema si kitu kwa sauti ile, ni kitu. Nimeitazama na mimi. Nimeona meli. Sijaona cha kumliza mtu.

Kama umembadilishia tena tarehe ya kuja na umemwambia anifiche, nitajua. Na ukinichezea shere safari hii, nairudisha cherehani yangu chumba cha nyuma.

Mwenzio


7 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua hii itakufikia baada ya Jumatatu, na kwa hiyo haisaidii kitu, lakini sitaki upate habari hii kwa watu wengine bila kuisikia kwangu yote.

Ile barua yangu ya mwisho ilikuwa ya uongo. Si kwamba sarafu si nzuri. Ni nzuri. Ila manowari inatazama upande usio wake.

Nilipoiona tu nilijua kuna kitu, nikakimbia nayo maktaba nikaiweka kando ya picha. Kwenye kitabu omo inaelekea kulia, maana iliyopigwa picha ni ubavu wa kulia, wenye nanga iliyobaki. Kwenye sarafu omo inaelekea kushoto. Yaani umeonekana ubavu wa kushoto, na nanga imening'inia pale pale ambapo kombora la adui liliiondoa ile nyingine. Baba, hilo ndilo jambo la pekee ambalo kila mtu anajua kuhusu meli hii. Maneno yote yako sawa. Ni meli peke yake iliyogeuka.

Nimegeuza mimi. Uliponiambia unachonga kinyume, nilitaka kukupunguzia kazi. Nilipomaliza kuchora niliipindua karatasi, nikapita mistari yote upande wa nyuma, nikakutumia ikiwa imeshageuzwa tayari. Ndiyo maana niliandika kwamba nimekutangulia na wewe ufuate mstari tu. Niliona nimeeleza. Sikueleza. Nawe ukageuza kama unavyogeuza siku zote, na iliyogeuzwa mara mbili ikatoka kama nilivyoituma.

Sikukuambia mara moja kwa sababu ya hesabu nyepesi. Nikisema, unaanza upya na huji. Nikinyamaza, unakuja. Kamati imetia sahihi, watu wote wameipenda, na anayejua ni mimi na kitabu kisichoazimwa. Nilikaa na hesabu hiyo, na kila nikiipiga jibu lilikuwa ninyamaze. Hata nikajiambia meli ni meli.

Kilichonishinda ni ule mkia wa samaki. Niliwaza umekaa chumba cha nyuma karibu na dirisha, mtu anabisha hodi na sarafu mkononi, ametoka nayo mbali, anakuuliza kwa adabu kabisa, "Mzee, alama hii ni yako?" Na mimi niko jikoni nasikia.

Jana nilimwomba mama simu, nikaenda nyuma ya nyumba nikapiga namba iliyoko kwenye bahasha ya kiwanda, kwa kuwa wewe huna simu yako mwenyewe. Akapokea mlinzi wa getini. Nilikuwa nimeandika maneno ya kusema na yote yakanitoka.

"Naomba kuongea na baba yangu, ni mchongaji."

"Wachongaji hawaitwi saa za kazi."

"Ni jambo la haraka sana."

"Kuna msiba?"

"Hapana. Nanga iko upande usiofaa."

Akasema polepole, kama anaongea na mgonjwa, "Binti, hapa ni kiwanda cha sarafu. Bandarini ni namba nyingine." Akakata.

Nilipiga tena akakata. Mara ya tatu nilisema kwa sauti ambayo sijui ilitoka wapi kwamba Jumatatu watapiga maelfu ya sarafu zenye kosa, na watakapoulizwa nani aliambiwa akakata simu, nitalitaja geti. Akaniita mama, Baba. Alisema, "Subiri, mama," akanitafutia msimamizi.

Msimamizi alisikiliza. Akaniambia nirudie taratibu. Nikarudia: mchoro ulifika ukiwa umeshageuzwa. Akauliza, "Nani mwingine anajua?" Nikasema mimi na kitabu. Akasema, "Mungu wangu," kwa sauti ya chini, akashukuru, akakata. Sijui amefanya nini baada ya hapo.

Nisamehe. Mama bado hajui.

Binti yako


11 Aprili

Profesa wangu,

Marahaba.

Msimamizi alinijia mezani, akaweka mkono wake begani kwangu, na hajawahi kunigusa tangu tufahamiane. Nikajua kuna msiba. Aliponieleza, sikuamini. Nilitoa mchoro wako, nikautazama mgongo wake kwenye mwanga. Alama za kalamu zimetokeza upande wa mbele, ishara kwamba ulianza kuchora nyuma. Zilikuwa hapo siku zote. Mtoto yeyote wa kazi hii angeziona. Mimi niliona meli inaelekea kushoto, na picha ya kamati nayo, ile ya meli ikiwa mpya, inaelekea kushoto. Nikasema sawa, mkono ukageuza.

Nilikukasirikia nusu siku nzima. Sitaki kukudanganya, kwa sababu na wewe umeacha kunidanganya. Nilisema maneno juu ya watoto wanaosoma vitabu. Baadaye nikakaa nikajiuliza ni nani aliyeanza kuandika kila kitu isipokuwa lile la maana, akaamini mwenzake ataelewa. Hapo hasira ikakosa pa kwenda.

Kamati iliitwa haraka. Ungekuwepo. Bwana wa benki alisema visanduku vyenye picha vimeshachapishwa. Nahodha, yule wa moshi, ambaye maisha yake yote ameishi juu ya meli, alisema, "Tuiache. Nani atajua?" Mama wa makumbusho akamtazama mpaka nahodha akaanza kukagua vifungo vya koti lake. Kisha wakanigeukia mimi kwa pamoja, na nikaona jinsi ingekuwa rahisi. Ningesema "iacheni" ningekuwa kwenye basi wiki hiyohiyo.

Nikasema, "Binti yangu anajua, na huyo nitakula naye meza moja mpaka nife." Visanduku vitachapishwa vingine.

Kwa hiyo naanza upya, kipande kipya cha chuma, na macho haya haya. Sitakuwepo shule zikifungwa. Sitataja tarehe, maana tarehe zangu hazina heshima tena. Nitumie mchoro mwingine, mwanangu, kama meli ilivyo kwenye kitabu. Usinisaidie zaidi ya hapo.

Mama yako usimwambie kwanza. Nitamwandikia mwenyewe nikipata maneno.

Baba


19 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sikukutii. Barua yako ilipofika nilimpa mama aisome mwenyewe, pamoja na ile ya penseli, na nikamweleza yote nikiwa nimesimama, kama mtu aliyeitwa mbele ya darasa.

Alisoma taratibu. Alipofika kwenye meza moja mpaka nife, alirudi juu akasoma tena. Halafu akanitazama. Akasema, "Wewe ndiye uliyemfokea mlinzi?" Nikasema ndiyo. "Wewe?" Nikasema ndiyo, mama. Akatikisa kichwa, sikujua ni kwa hasira au kwa nini.

Akaanza na wewe. Alisema mwanaume wa kutafuta maneno ya kumwambia mkewe kwamba hatakuja, wakati maneno yenyewe ni mawili tu, "siji bado", ana kazi ya ziada. Akaja kwangu, akasema mimi na wewe ni watu wa aina moja, tunaficha jambo mpaka linaota nanga. Akafika kwa kamati, na ya kamati siwezi kuyaandika. Mdogo wangu aliziba masikio bila kuambiwa.

Aliponyamaza, alikunja sare aliyokuwa akiishona akaiweka juu ya cherehani. Akasema, "Basi. Kungojea hapa nimechoka. Tutakwenda tukamngojee hukohuko." Nikasema chumba chako ni kimoja na kitanda chako ni kimoja. Akasema amewahi kulala na sisi wote watatu kwenye kitanda kimoja, na mkorofi kati yetu alikuwa wewe.

Nilitaka kukuomba ruhusa kwanza, lakini mama alisema ukiombwa ruhusa utaitisha kamati.

Sasa nakueleza nilichofanya. Juzi shule ilipofungwa nilikwenda maktaba kabla mkutubi hajaweka kufuli. Nilimwambia kwamba kuna sarafu inachongwa upya kwa sababu yangu, na mchongaji ni baba yangu, na macho yake yanachoka, na sitaki kumletea mchoro mwingine wa kwangu. Nataka achonge akiwa na picha yenyewe mbele yake. Alisema kitabu hakitoki, ni sheria. Nikasema najua ni sheria. Sikuondoka. Akafunga madirisha yote, akarudi, mimi bado nimesimama palepale. Akakifunga kitabu kwa gazeti na uzi, akanipa, akasema nikirudisha siku shule zinapofunguliwa asubuhi, yeye hatakuwa amekiona kikitoka.

Jana nilizungusha nguo za wateja wa mama nyumba kwa nyumba, na zile ambazo hazijakwisha nikazieleza mlangoni, mwenyewe, kwa mdomo wangu. Wawili walilalamika. Nilisikiliza mpaka walipomaliza.

Leo asubuhi nilifunga mlango nikampa jirani ufunguo. Naandika nikiwa kituoni, karatasi juu ya kitabu, kitabu juu ya magoti. Mama amekata tiketi na anabishana na kondakta juu ya mzigo wetu. Barua hii huenda ikafika baada yetu, basi utaisoma sisi tukiwepo. Dereva amewasha gari. Naitia kwenye sanduku la posta lililo hapa ukutani, kisha napanda.

Binti yako